Mabano ya Karani wa Omena

Lori la omena lilikuja Alhamisi, na bei ilikuja pamoja na lori. Kabla ya hapo hakuna aliyejua debe moja lingekwenda shilingi ngapi. Wiki hii tisini, wiki ijayo sabini, wiki nyingine mia na kumi kwa sababu ziwa limechafuka na mashua hazikutoka. Sisi wanawake kumi na mmoja wa Nyalenda tulinunua omena mbichi, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, tukaianika juu ya nyavu kuukuu, tukaichekecha, tukaijaza kwenye madebe. Hesabu yake tuliifanya Jumatano, siku moja kabla ya kujua bei.

Watu wanashangaa nikiwaambia hivyo. Utafanyaje hesabu ya pesa bila bei? Tulifanya. Kwa kila debe tuliweka jiwe chini. Jiwe lilikuwa bei ya debe, iwe yoyote itakayokuwa. Kwa kila gorogoro, lile kopo la bati la kupimia unga na omena, tuliweka punje ya haragwe. Shilingi zinazojulikana zilikuwa njiti za kiberiti, njiti moja shilingi kumi. Jiwe halikujumlishwa na haragwe, na haragwe halikujumlishwa na njiti. Tuliweka, tukaondoa, mpaka likabaki fungu dogo ambalo hata mtu mwenye haraka angeliona kwa jicho moja. Alhamisi lori likipiga honi na bei ikitajwa, tulimaliza hesabu kabla injini haijapoa.

Majina ya wale kumi ninayo yote, na ya waume zao, na ya watoto wao waliozikwa na mwezi waliozikwa. Sitayaandika. Kuna binti mmoja aliye hai, na kisa hiki kinamhusu kuliko kinavyonihusu mimi.

Nieleze kwanza habari ya mchanga. Omena hata uianike juu ya wavu hushika mchanga, na karani wa lori alikata bei ya gorogoro moja katika kila debe ili kufidia mchanga huo. Ilikuwa desturi ya ufuo mzima, hakuna aliyebisha. Lakini mkichekecha, mkato ulipungua kwa shilingi tano. Hakukata gorogoro nzima. Alikata bei ya gorogoro kasoro shilingi tano. Kwa ajili ya hizo shilingi tano tulikaa asubuhi nzima na chekecheke, vumbi la samaki likitujaa puani, macho mekundu kama ya walevi. Madebe ishirini, shilingi mia moja. Mia ilikuwa pesa miaka ile.

Aliyepanda kwenye lori kupokea malipo alikuwa mke mwenzangu.

Mimi nilikuwa mke wa kwanza, mikayi kwa Kijaluo. Yeye alikuwa wa pili, nyachira. Ndivyo tulivyoitana, kwa vyeo, kama watu wa ofisi moja. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na mbili. Alifika darasa la nne, mikono yake ilikuwa myepesi, na alicheka kabla hujamaliza kusema jambo la kuchekesha. Wanawake walimpenda wakamfanya mweka hazina. Mume wetu alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya bwana mkubwa mmoja huko Milimani. Asubuhi akitoka kazini alipita mlango wangu akaingia wake. Kwake alikwenda kula, kwangu alikuja kuugua. Mimi nilikuwa nimezaa saba, nikazika wawili. Yeye alikuwa na binti mmoja ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa, mnene, mwenye mikunjo mapajani. Nilipomwosha mtoto yule nilimwosha kwa maji baridi.

Mwaka huo huo nilijiunga na kisomo cha watu wazima, ngumbaru tulivyokiita. Tulisoma Jumanne na Ijumaa saa nane mchana katika jumba la kanisa, kwenye viti vya watoto wa Sunday school, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyekosa nafasi ya chuo mara mbili. Sisi tulitaka kusoma barua na kutia sahihi badala ya kidole gumba. Yeye alitaka kufundisha mambo aliyofikiri angefundisha wakubwa, basi akatufundisha hesabu za herufi.

Alikuwa mkali kwa namna ya mtu anayeona aibu kuonekana na sisi. Siku ya kwanza ya kutoa alinisimamisha.

"Mama, umezaa wangapi?"

"Saba, Mwalimu."

"Walio hai?"

"Watano."

"Saba toa wawili, watano. Kumbe unajua! Na ulikuwa unatusumbua hapa kwamba hesabu ni ngumu."

Darasa lilicheka. Nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa nimesimama na sikujua uso wangu niufanye nini. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea kutoa.

Herufi zenyewe hazikunisumbua. Alipoandika d ubaoni akasema hii ni bei ambayo hujaambiwa, nilitaka kucheka: hilo si jiwe letu tu? Alipoandika tatu d ongeza mbili g ongeza nne d, akatuomba turahisishe, mikono yangu yote miwili ilikwenda kwenye sakafu kutafuta maharagwe. Saba d ongeza mbili g. "Nani amekuambia?" akauliza, kama niliyeiba jibu mfukoni mwake.

Kilichokuwa kipya kwangu ni mabano. Alichora mabano, akaweka alama ya kutoa mbele yake.

"Hii alama ya kutoa," akasema, "ni askari wa kanjo amesimama mlangoni. Waliomo ndani wanageuka wote. Aliyekuwa na ongeza anatoka na toa. Aliyekuwa na toa anatoka na ongeza. Mtu mjinga humgeuza wa kwanza tu, wa pili akamwacha kama alivyo. Mama, wewe mwenye saba, rudia."

Nilirudia. Nililala nikirudia.

Sasa, karani wa zamani wa lori alikuwa mzee aliyepiga hesabu kichwani, debe moja moja, na hatukuwahi kugombana naye. Yule mzee alistaafu. Akaletwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Alikuja Jumatano kuhesabu madebe na kujaza fomu mapema kwa d na g, ili Alhamisi aweke bei tu na kulipa. Yaani alifanya lile lile tulilofanya sisi chini, ila yeye alitumia kalamu. Na alikuwa na sharti moja. "Mtu mmoja tu ndani ya lori. Sitaki kelele za wanawake kumi." Basi mke mwenzangu alipanda peke yake, akashuka na pesa zimefungwa kwenye gazeti.

Wiki ya kwanza ya karani mpya, bei ya debe ilikuwa tisini, gorogoro kumi na mbili. Mawe yetu yalikuwa ishirini. Elfu moja na mia nane. Toa maharagwe ishirini, mia mbili na arobaini. Rudisha njiti kumi za chekecheke, mia moja. Tulitakiwa kupata elfu moja mia sita na sitini. Gazeti lilipofunguliwa lilikuwa na elfu moja mia nne na sitini.

Kila mmoja alihesabu. Mwenyekiti wetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alihesabu mara tatu akilamba kidole.

"Nyachira, mia mbili ziko wapi?"

"Ndizo alizonipa, Mama mwenyekiti. Sijafungua hata."

"Hujafungua, lakini zimefunguka."

Wengine walicheka. Wiki ile ilipita kama mzaha. Wiki ya pili bei ilikuwa nyingine na madebe mengine, lakini pesa zikapungua tena. Hapo hakuna aliyecheka. Mmoja alisema ameona nyachira amenunua kitambaa kipya cha kichwa. Mwingine akasema na maziwa, kila siku maziwa, mtoto mmoja anakunywa maziwa ya nani? Kitambaa kilinunuliwa na mume wetu; nilikuwepo alipokileta, akanipitia nacho. Sikusema.

Mwenyekiti alimfuata karani kando ya lori akamuuliza mbele ya watu kama pesa aliyotoa ni kamili. Karani hakuinua hata kichwa. "Mimi nimempa kamili, kulingana na fomu. Muulizeni yeye."

Maneno hayo yalimmaliza.

Jumamosi ile alikuja mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, mkononi karatasi aliyoiomba kwa karani. Nilikuwa nachambua mchicha. Hakukaa, mke wa pili hakai kwa mke wa kwanza mpaka aambiwe, nami sikumwambia.

"Mikayi, wewe unasoma kwa mwalimu. Hebu niangalizie. Mimi naona herufi tu. Karani anasema hesabu iko sawa, na mimi nakuapia kwa mtoto huyu, sijatoa hata senti."

Nilifuta mikono, nikachukua karatasi. Ilikuwa fomu ya wiki ile ya kwanza. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesifiwa mwandiko. Mstari wa juu ulisema:

20d − 20(g − 5)

Na mstari wa chini yake:

20d − 20g − 100

Niliona kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Askari alikuwa mlangoni, amemgeuza g, na yule mia moja ametoka vile vile alivyokuwa. Ilipaswa kuwa ongeza mia. Badala ya kuturudishia mia yetu ya kuchekecha, alikuwa anatukata mia nyingine juu yake. Mia mbili, ndizo hizo. Asubuhi zote zile za vumbi tulikuwa tunamlipa karani kwa kumsafishia omena. Mwanamke mvivu ambaye hakugusa chekecheke angepata zaidi yetu.

Alikuwa ananitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka na mtoto alikuwa anavuta hereni yake, yeye hahisi. Nilifikiria jinsi mume wetu angefurahi: nyachira ameonewa, nyachira hana kosa. Nilifikiria kitambaa. Sitasema nilifikiria kwa muda mrefu.

"Hesabu hii ni sawa," nikasema.

"Sawa kabisa?"

"Kabisa. Sioni kosa."

Alichukua karatasi kwa mikono miwili, akaikunja mara nne. Akaniambia ahsante.

Wiki ya tatu walimngoja nyuma ya madebe. Lori lilipoondoka, hata kabla halijafika barabarani, wakamvua shuka na kitambaa kile cha kichwa. Walimpekua kifuani, wakampekua mpaka nepi ya mtoto. Hawakupata kitu, na hilo ndilo lililowakasirisha zaidi: mwizi asiye na kitu ni mwizi mwenye akili. Walikwenda nyumbani kwake wakachukua godoro, sufuria tatu na redio, wakasema ni fidia. Walimwimbia njia nzima, wimbo wa kutunga hapo hapo wenye jina lake ndani, na watoto wa Nyalenda wakaushika wakauimba mwezi mzima kwenye foleni ya maji. Mimi sikumgusa. Nilisimama na mikono kifuani, na mwenyekiti akaja kunishika bega.

"Pole, Mikayi. Kuishi na mtu kama huyu uani kwako!"

"Nimezoea," nikasema.

Mume wetu alirudi kutoka Milimani akakuta redio yake imekwenda. Hakuuliza ilikuwaje, aliuliza nani. Alimpiga mchana, mlango wazi, kisha akamwambia arudi kwao. Mtoto alibaki. Kwetu mke akifukuzwa, mtoto ni wa boma la baba yake. Hilo halikuwa na mjadala, hata yeye hakulijadili. Aliniletea mwenyewe mlangoni, amemwosha, amempaka mafuta.

"Mikayi, analala akishika sikio la mtu. Usimnyime sikio."

Nilimpokea. Alilia siku sita. Siku ya saba alishika sikio langu, na tangu hapo akawa wangu, na hakuna aliyewahi kunisikia nikilalamika kumlea.

Wanawake wakanifanya mimi mweka hazina. Nani mwingine? Nilikuwa nasoma, tena nilikuwa nimedhulumiwa nyumbani mwangu mwenyewe. Alhamisi ya kwanza nilipanda kwenye lori, nikakaa kiti cha utingo, nikamwomba karani fomu. Madebe yalikuwa kumi na manane siku hiyo.

"Karani, hapa umekosea."

"Wapi, Mama?"

"Hapa kwenye mabano. Kutoa kuko nje. Tano ilikuwa na toa, ikitoka inakuwa na ongeza. Tisini hii unatupa, hutukati."

Aliangalia. Aliangalia tena, akarudi mstari wa juu akifuata kwa kalamu. Masikio yake yalianza kubadilika rangi. Mpaka leo sijui kama alikuwa mwizi au alikuwa kijana aliyejifunza vibaya na kuandika vizuri. Akafuta, akaandika upya, akanihesabia pesa kamili. Halafu akashusha sauti.

"Mama, na zile wiki za nyuma... kama na zenyewe nilikosea?"

Nje nilisikia wanawake wakizungumza. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiuliza godoro la nyachira liuzwe kwa ngapi.

"Nyuma hukukosea," nikamwambia. "Andika ya leo tu."

Nilishuka na gazeti. Mwenyekiti alihesabu mara tatu, akalamba kidole, na pesa zikawa sawa na mawe yetu mpaka shilingi ya mwisho. Walipiga vigelegele mpaka wavuvi wakageuka. "Mmeona?" mwenyekiti akasema. "Mmeona sasa? Karani ni yule yule. Lori ni lile lile. Kilichobadilika ni mkono!" Kabla ya siku ile kulikuwa na wawili watatu waliokuwa wakinong'ona kwamba labda tumemwonea. Baada ya hesabu yangu kuwa kamili hawakunong'ona tena. Niliifanya hesabu ile vizuri, na uzuri wake ndio uliomfunga.

Nilishika hazina ile miaka tisa. Haikupungua hata senti moja.

Katika miaka ya tisini mume wetu alianza kukonda. Alikuja kuuguza mwili wake kwangu, kama kawaida yake, na safari hii hakutoka. Tulimpeleka kumzika kwao, upande wa Maseno. Wanawake wa omena walikuja wote na basi la kukodi, na sukari na majani ya chai na mchango wao. Siku moja kabla ya maziko, saa nne asubuhi, mke mwenzangu aliingia kwenye boma kwa miguu. Mke aliyefukuzwa hurudi kumlilia mumewe. Hiyo ni haki yake na hakuna wa kumzuia. Alikuja akilia kwa sauti kama inavyotakiwa, akazunguka nyumba, akakaa upande wa mlango uliokuwa wake. Alikuwa amekonda kama marehemu. Wanawake walisogeza sahani karibu nao.

Binti alikuwa anakaribia miaka tisa. Alisimama nyuma yangu, ameshika gauni langu.

"Mama," akaniuliza, na hakuuliza polepole, "huyo ndiye yule mwizi?"

Nyachira alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu aliacha kulia katikati, halafu akaendelea.

Mchana aliniita nyuma ya ghala. Alikuwa ameokota kijiti.

"Mikayi, sijaja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu, nimekifikiria miaka minane. Kwako pesa zilitimia vipi?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Pengine nilichoka; siku nne nilikuwa sijalala. Nilichukua kijiti kile nikaandika mavumbini mstari wa juu na mstari wa chini, nikamweleza habari ya askari mlangoni. Yeye alikuwa mwepesi siku zote. Nilifunzwa kwa wiki mbili, yeye alielewa kabla sijamaliza. Alichutama pale, akagusa alama ile ya kutoa kwa kidole.

"Hii tu?"

"Hiyo."

"Haka kamstari?"

Kisha nikaona anafanya hesabu nyingine. "Mabano mwalimu aliwafundisha lini? Kabla au baada?" Niliweka kijiti chini. "Nilikuletea karatasi, Mikayi. Uliishika kwa mkono wako." Hakupiga kelele. Alisimama, akajipangusa magoti.

"Basi twende ukawaambie. Leo. Binti yangu yuko pale."

"Leo ni msiba. Tumzike kwanza mtu wetu."

"Utasema kesho?"

"Nitasema."

Hakuningoja. Labda kwa sababu ya neno kesho. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa wanawake waliokuwa wakichambua mchele, akapiga magoti mbele yao, akaokota mawe na kuomba maharagwe kwenye ungo. Akaanza kuwapangia. Jiwe hili debe, haragwe hili gorogoro. Alikuwa anaeleza vizuri, kuliko nilivyomweleza mimi. Alipofika kwenye mia inayogeuka, mwenyekiti aliinua mkono.

"Yawa! Tazameni mwizi aliyekwenda kusoma. Miaka minane anatafuta hesabu ya kujitoa."

Walicheka kwa adabu ya msibani, mikono mdomoni.

"Muulizeni Mikayi," akasema. "Amenionyesha yeye. Sasa hivi, nyuma ya ghala. Muulizeni!"

Wakageuka wote tisa. Binti pia aligeuka. Alikuwa ameketi miguuni mwa mwenyekiti akila mchele mbichi. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mfiwa kama amekula. "Mikayi, wewe ndiwe mjuzi wa mambo haya. Ni kweli anayosema?"

Ingetosha neno moja. Lakini neno lile lingekuwa na miaka minane ndani yake, na redio, na godoro, na mtoto. Angeniuliza nilijua lini. Binti angeniuliza.

"Mimi sijui anasema nini," nikasema. "Mwacheni alie. Kila mtu analia kwa njia yake."

Mke mwenzangu alibaki amepiga magoti. Hakunitazama mimi, alimtazama binti, ambaye aliinuka akaja kusimama nyuma yangu. Halafu akayarudisha maharagwe kwenye ungo, moja moja, asipoteze hata moja.

Hakungoja maziko. Kabla jua halijaanza kushuka alikuwa ameshika kikapu chake, na mtu mmoja, jina lake ninalo, akasema sukari ya msiba ihesabiwe kwanza. Sukari ilihesabiwa, ikawa kamili. Wakasema hata hivyo kikapu kifunguliwe. Alikiweka chini mwenyewe akasimama kando. Kilikuwa na leso moja, kipande cha sabuni ya kufulia, na gauni la mtoto la miaka minne au mitano, jipya, ambalo lingemtosha binti zamani. Hawakupata kitu. Mwenyekiti akasema labda kina kitako cha pili cha kufichia, wakipindue, kikapu kilikuwa kizito upande mmoja na alihitaji mtu wa kukishika.

Nilikishika mimi.